Ruzuku za Serikali kwa Teknolojia ya Afya ya Akili: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma

Kila wito wa maandiko (maombi ya ruzuku yenye maelezo ya mradi) ukitangazwa, simu zetu, sisi tulioshaomba ruzuku na sasa tunapitia maandiko ya wengine, haziachi kulia. Wanaopiga ni vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na St. John's, wauguzi wenye wazo walilokaa nalo miaka, wazazi waliouguza watoto wao, na mafundi wa kompyuta wa mjini wanaotaka kufanya jambo la maana kuliko kutengeneza tovuti za harusi. Wengi huuliza yale yale, kwa hiyo tumeyaandika hapa. Majibu yanahusu kampuni ndogo inayotengeneza kitu cha kusaidia afya ya akili: programu ya simu, huduma ya USSD (ile ya kubonyeza nyota na namba, bila intaneti), mfumo wa kufuatilia dawa, au kifaa.

Je, Serikali ina ruzuku iliyotengwa kwa teknolojia ya afya ya akili?

Ukitafuta mlango wenye kibao hicho, utazunguka sana pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Fedha za umma za ubunifu hupitia mifuko ya jumla, nawe unaingia kwa mlango wa afya, wa TEHAMA au wa ubunifu. Mfuko wa kuujua kwanza ni MTUSATE, yaani Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulio chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Kila wito una maeneo yake ya kipaumbele, na kazi yako ni kuonyesha afya ya akili inakaa wapi ndani ya maeneo hayo.

Halafu kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, ambayo hupokea hata mbunifu wa mtaani asiye na cheti cha chuo. Washindi hupewa tuzo, na baadhi ya bunifu huendelezwa ili zibiasharishwe. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa 2015, iko karibu na kampuni changa za programu. SIDO, shirika la viwanda vidogo la tangu 1973, inakufaa ukitengeneza kitu cha kushikika mkononi. Imbeju, programu ya kuwezesha biashara changa inayotajwa sana na vijana, si ya Serikali. Ni ya Benki ya CRDB, na ilizinduliwa 2023 kwa kushirikiana na COSTECH na Tume ya TEHAMA.

Fedha za halmashauri za asilimia kumi nazo ni ruzuku?

Hapana, ule ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarejeshwa 2024. Ninavyoona mimi, usiuchukue kwa ajili ya utafiti. Marejesho yataanza kudaiwa wakati bado unajaribu sampuli kifani (mfano wa kwanza wa bidhaa) kwa watu ishirini, na kikundi chenu kitagombana kabla bidhaa haijazaliwa. Uchukue pale unapokuwa na mteja anayelipa.

Nianzie wapi nikiwa Dodoma?

Anzia Mirembe, kabla hujafungua kompyuta.

Kwa wengi wetu tuliokulia hapa, Mirembe lilikuwa tusi la utotoni. Ukicheka hovyo unaambiwa, "Tutakupeleka Mirembe." Hospitali hiyo imekuwa ikipokea wagonjwa tangu 1927. Leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ikiwa na Isanga kwa wagonjwa wanaoletwa kwa njia ya mahakama, na Itega kwa wanaojinasua na dawa za kulevya. Hakuna mji mwingine nchini wenye hazina ya uzoefu kama huo. Na bado tunapokea maandiko yaliyoandikwa umbali wa bodaboda moja tu kutoka getini, na mwandishi hajawahi kukanyaga pale.

Andika barua ya kuomba kuonana na uongozi, ueleze wewe ni nani na unataka kujifunza nini. Ukipata nafasi ya kukaa na wauguzi, usiwaonyeshe programu yako. Waulize nini hutokea mgonjwa akisharuhusiwa. Utasikia habari ya mtu aliyerudi kwao Chemba au Mpwapwa akiwa na nafuu, dawa zikaisha, nauli ikakosekana, ndugu wakachoka, akarudishwa wodini katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Hapo katikati, kati ya ruhusa na kurudishwa, ndipo teknolojia ina kazi kubwa ya kufanya. Ndipo pia maandiko yanapokuwa machache. Bunifu nyingi zinazotufikia ni za kijana wa chuo mwenye msongo wa mawazo, simu janja na bando. Huyo naye anateseka, na anastahili msaada. Lakini waamuzi wameshamsoma mara nyingi.

Kwa upande wa utaalamu, UDOM ina shule ya tiba na ndaki ya kompyuta katika chuo kimoja, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Mshirika wa kitaaluma hatakugharimu zaidi ya nauli ya kwenda kumwona.

Lazima niwe na kampuni iliyosajiliwa?

MAKISATU hupokea watu binafsi. Kwenye ruzuku nyingine, soma masharti ya wito wenyewe, ila jiandae hivi: usajili wa kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi kutoka TRA (hutolewa bure), akaunti ya benki kwa jina la kampuni, na leseni ya biashara. Usingoje tangazo litoke ndipo uanze kusajili. Wito hukaa wazi wiki chache, na wiki hizo ni za kuandika, si za kukimbizana na viambatisho.

Waamuzi wanaangalia nini hasa?

Niwasimulie andiko letu la kwanza. Lilikuwa na kurasa ishirini na tatu, michoro ya rangi na jedwali la soko. Lilirudi na swali moja tu limeandikwa pembeni: "Mtumiaji akiandika saa nane usiku kwamba amechoka kuishi, nini kinafuata?"

Hatukuwa na jibu. Programu yetu ingemjibu "Pole sana, jaribu kupumua taratibu," kisha ingemwonyesha makala. Niliposoma swali lile niliona aibu. Nilikuwa na mtu wangu wa karibu ambaye ningeweza kumwona kwenye sentensi ile, na sikuwa nimemfikiria hata mara moja tulipokuwa tukichora vitufe.

Tangu hapo, kila andiko linalopita mikononi mwetu tunaliuliza swali hilo kwanza. Jibu linalokubalika lina majina na dakika ndani yake. Nani yuko zamu usiku huo? Anapata taarifa kwa njia gani, simu au ujumbe, na mtandao ukikatika je? Anatakiwa kumpigia mtumiaji ndani ya dakika ngapi? Mtumiaji alishataja, siku ya kujiunga, ndugu au jirani anayekubali apigiwe? Kituo cha afya kilicho karibu naye ni kipi, na kuna mtu pale aliyeambiwa kuhusu huduma yenu? Weka pia namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kupiga ni bure, na 116 kwa watoto, lakini zisiwe mpango wako wote. Namba ya mtu mwingine haikuondolei wajibu wako.

Ukishaandika ukurasa huo mmoja, sehemu nyingine za andiko hunyooka zenyewe. Utajua unahitaji wafanyakazi wangapi, gharama iko wapi, na kama kweli unaweza kuhudumia mkoa mzima au uanze na kata mbili. Tumeona maandiko yenye Kiswahili cha kuchechemea yakipita kwa sababu ukurasa huo ulikuwa umefikiriwa.

Baada ya hapo ndipo wanaangalia mambo ya kawaida: tatizo limeelezwa kwa ushahidi, timu ina mtu wa afya ndani yake, sampuli kifani imejaribiwa, na bidhaa inaweza kuishi ruzuku ikiisha.

Dodoso la kupima sonona (huzuni kali ya ugonjwa) nilitunge mwenyewe?

Tafadhali usifanye hivyo. Lipo dodoso linalotumika tayari, PHQ-9. Lina maswali 9, alama zake ni 0 hadi 27, matumizi yake ni bure, na imeshatumika kwa Kiswahili. Swali lake la tisa ndilo linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, kwa hiyo ukiliweka kwenye simu ya mtu, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Kazi yako ni lugha inayolizunguka dodoso. Watu wetu hawasemi "nina sonona." Wanasema nina mawazo, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu. Mzee wa Bahi atakuelewa vizuri zaidi kwa Kigogo, wa Kondoa kwa Kirangi. Tenga fedha za kufanya majaribio ya maneno hayo na watu wenyewe. Kifungu hicho cha bajeti sijawahi kukijutia.

Vibali gani vinahitajika?

Ukitaka kukusanya taarifa kwa wagonjwa ili uthibitishe kwamba bidhaa inafanya kazi, huo ni utafiti, na unahitaji kibali cha maadili. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndiyo inayosimamia kamati ya kitaifa. Ukidai kuwa bidhaa inapima, inatambua au inatibu ugonjwa, umeingia kwenye vifaa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inahusika, kwa hiyo waandikie mapema ujue bidhaa yako iko kundi gani. Huduma ya USSD inahitaji namba fupi kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mfumo utakaosomana na mifumo ya hospitali za Serikali utakutana na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Iwapo huduma yako inagusa kumlaza mtu au kumtibu bila ridhaa yake, soma Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ukiwa na mwanasheria.

Vibali huchukua muda. Kwenye mpango kazi, usiweke majaribio mwezi wa pili.

Taarifa za watumiaji nizihifadhi vipi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuhamisha taarifa nje ya nchi. Wengi husahau hilo la mwisho: seva ya kukodi iliyoko Ulaya ni nje ya nchi. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Sasa fikiria mtu aliyekuandikia usiku kwamba amekunywa vidonge vingi. Ujumbe ule ni kilio cha kuomba msaada, na uko kwenye kanzidata yako ukiwa na namba yake ya simu. Je, ni lazima ukae pale miaka mitano? Nani anaufungua? Shangazi yake akishika simu ataona nini? Kusanya kidogo kuliko unavyotamani. Tenganisha jina na mazungumzo. Weka siku ya kufuta, na ufute kweli. Programu isiwe na jina au alama inayomtangaza mwenye simu mbele ya wenzake kwenye daladala, maana kwetu hapa mtu akishaitwa wa Mirembe, ndoa na kazi vinaweza kuondoka pamoja.

Naweza kutumia akili mnemba kuzungumza na mgonjwa?

Itumie kupanga zamu, kukumbusha dawa, kumwonyesha muuguzi nani hajajibu siku tatu. Kuzungumza na mtu aliyezidiwa mwachie binadamu. Mashine hizi zimefundishwa kwa Kiswahili kidogo, na Kigogo karibu hakimo kabisa. Itasoma "nimechoka" kama uchovu wa shamba, siku ambayo haukuwa uchovu wa shamba.

Watumiaji wangu wana simu za kitochi. Nitaonekana nimepitwa na wakati?

Utaonekana unawajua watu wako. USSD na simu ya sauti hufika kwa mama wa Chamwino anayechaji simu dukani mara mbili kwa wiki. Eleza tu gharama ya kila kikao na nani anailipa. Mgonjwa asikatwe salio kwa kuomba msaada.

Bajeti iandikweje, na risiti je?

Andika kwa shilingi, kila kifungu kiunganishwe na kazi. Posho za warsha na kompyuta mpakato nyingi ndizo hukatwa kwanza, na kwa haki. Mishahara ya waanzilishi inategemea masharti ya wito, ila usijifiche: kama utalipwa, andika saa ngapi kwa wiki.

Fedha hutoka kwa awamu. Awamu ya pili haiji mpaka taarifa ya kwanza ikubaliwe, na fedha za umma zinaweza kukaguliwa na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Fungua akaunti ya mradi peke yake. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) kila inapowezekana. Bodaboda wa Ng'hong'hona hana mashine, kwa hiyo beba kitabu cha hati za malipo, aandike jina, safari, kiasi na kusaini hapo hapo. Jaza siku ile ile. Tumewahi kukesha siku nne tukikumbuka safari za miezi mitano, na hakuna aliyekumbuka sawasawa.

Nimeona ruzuku za Marekani za kampuni ndogo za afya ya akili. Naruhusiwa kuomba?

Kampuni yako ya Dodoma hairuhusiwi kuwa mwombaji. Mpango huo unaitwa SBIR. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kwa upande wa afya ya akili huko husimamiwa na NIMH, taasisi yao ya taifa ya afya ya akili. Kampuni iwe ya kibiashara, iwe Marekani, isizidi wafanyakazi 500, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakazi wa kudumu wa huko. Usimlipe mtu anayekuahidi "kukupitishia."

Usome hata hivyo, kwa sababu mpangilio wake ni somo zuri. Awamu ya kwanza unathibitisha wazo linawezekana. Ya pili unatengeneza na kulijaribu kwa upana. Ya tatu unaliingiza sokoni, na hapo fedha za mpango huo hazipo tena. Mpango wao dada, STTR, hulazimisha ushirika na taasisi ya utafiti: kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi angalau 30. Panga andiko lako la COSTECH kwa awamu hizo, na mkataba wako na chuo uonyeshe mgawanyo wa kazi kwa tarakimu. Waamuzi wataelewa haraka unajua unakokwenda.

Kuna fedha za nje ambazo Mtanzania anaruhusiwa?

Zipo. Mpango wa Being, unaolelewa na Grand Challenges Canada na unaohusu afya ya akili ya vijana, umeitaja Tanzania kati ya nchi zake za kipaumbele. Fuatilia matangazo yao kwenye tovuti yao wenyewe, kwa macho yako.

Kuna mtu anasema nimpe laki mbili anisaidie kupata ruzuku.

Huyo ni kishoka. Fomu za mifuko ya umma hazilipiwi kwa namba ya simu ya mtu. Kumlipa mhariri akunyooshee andiko ni halali. Kumlipa mtu "anayemjua mkubwa" ni kupoteza fedha na jina.

Niache kazi nikishaomba?

Usiache. Kati ya kuomba na kupokea awamu ya kwanza inaweza kupita miezi mingi, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi hata kama kodi ya nyumba yako Nkuhungu inadaiwa Machi.

Andiko likikataliwa?

Omba maoni ya waamuzi kwa maandishi, kwa heshima. Subiri wiki moja kabla ya kuyasoma mara ya pili. Letu lilipita mara ya tatu.

Ruzuku ikiisha, nani atanunua?

Mgonjwa mara nyingi hana fedha, na kumtoza yeye ni kumfukuza. Fikiria waajiri, vyuo vyenye wanafunzi wengi, hospitali za mashirika ya dini, na Serikali yenyewe. Ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST, na asilimia 30 imetengwa kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Jisajili sasa, ukiwa bado na ruzuku ya kukulisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kulazwa. Niseme kwenye andiko?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mwishoni mwa kikao, wengine wakishatoka.

Hakuna anayeweza kukulazimisha, na andiko halipungui thamani ukinyamaza. Ukiamua kusema, usiandike kama ungamo. Liweke kwenye sehemu ya timu, pale pale wenzako walipoandika shahada zao: umekaa wodini muda gani, ulijifunza nini kuhusu saa za dawa, kuhusu ndugu wanaokuja na wasiokuja, kuhusu wiki ya kwanza nyumbani. Hakuna mhandisi anayeyajua hayo kwa kusoma. Kisha, kwenye bajeti, weka mstari wa kuwalipa watu wengine watatu au wanne waliopitia hayo, wakae nanyi kila mwezi kama washauri, kwa kiwango kile kile mnachomlipa daktari mshauri.